Mbeya nayo ichague lugha yake ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vijana wetu wajifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, basi, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wakubwa wa dunia. Sina ugomvi na Python. Guido van Rossum alianza kuiandika Amsterdam katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, na leo ni kazi chache za kompyuta ambazo haijaingia. Nisichokikubali ni hiyo hoja ya wakubwa. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991, ni mtu wa lugha ya C, na hata Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya programu, aliiandika kwa C mwaka 2005. Joe Armstrong, Mwingereza aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Ericsson kule Uswidi, aliitetea lugha ya Erlang mpaka alipofariki mwaka 2019, na alikuwa na haki, maana ni yeye na wenzake walioiunda kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika. Kila mkubwa ana lugha yake na kila mmoja ana sababu zake. Kijana wa Uyole hapa Mbeya akiamua kufuata wakubwa, atahama lugha kila mwezi.

Mimi ningependa tuulize jambo jingine: hao wakubwa waliishi wapi, na mji wao uliwafanyia nini?

Chukua mfano wa Yukihiro Matsumoto, ambaye wenzake humwita Matz. Alianza kuiunda lugha ya Ruby mwaka 1993, akaitoa hadharani mwishoni mwa 1995. Watu wengi wakisikia Japani wanawaza Tokyo. Matz hakai Tokyo. Anakaa Matsue, makao makuu ya mkoa wa Shimane, upande wa Bahari ya Japani, na tangu 1997 ameajiriwa na kampuni ya hapohapo mjini. Japani ina mikoa 47, na Shimane ni wa pili kutoka mwisho kwa idadi ya watu. Ni mkoa wa wazee. Vijana wakimaliza shule huondoka. Matsue yenyewe ina wakazi kama 200,000. Jiji letu la Mbeya, kwa sensa ya 2022, lina zaidi ya watu 500,000.

Ruby ilipata jina duniani baada ya David Heinemeier Hansson, raia wa Denmark, kutoa Rails mwaka 2004, kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha hiyo. GitHub, tovuti ambako waandika programu huweka kazi zao, ilijengwa kwa Rails. Shopify ya Kanada, ya kufungulia maduka ya mtandaoni, nayo hivyohivyo. Mwanzilishi wake Tobias Lütke alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakiitengeneza Rails yenyewe. Hayo Matsue haikuyafanya. Matsue ilifanya lililo ndani ya uwezo wa halmashauri. Mwaka 2006 viongozi wa mji waliona kwamba mtu ambaye dunia nzima inamtaja ni mkazi wao, wakaanzisha mradi wa kuutangaza mji wao kuwa mji wa Ruby. Wakafungua chumba karibu na stesheni ya treni, waandika programu wakutane humo, wasome, wafundishane. Tangu 2009 kuna mkutano wa kila mwaka wa Ruby unaofanyika hapohapo Matsue, na wageni wanatoka Tokyo kwenda mkoani. Shule za mji nazo zikaingizwa katika kuifundisha. Mwaka 2012 Ruby ikapata kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango la dunia.

Naomba wasomaji waangalie jambo hili vizuri. Matsue haikukaa kwanza kushindanisha lugha zote ipate iliyo bora. Ilichukua ile ambayo mtu wake alikuwa tayari anaipenda na anaijua, ikasimama nayo.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Ni mama wa miaka arobaini na ushee, nimesomea ufundi hapahapa Mbeya, na watoto wangu nimewalea kwa kuandika PHP, lugha ya kutengenezea tovuti. Programu niliyokiandikia chama kimoja cha ushirika cha kahawa kule Mbozi inapokea kilo za mkulima siku ya mzani, inakata mkopo wa pembejeo, inaonyesha malipo ya awali na kiasi anachosubiri baada ya mnada. Haina urembo. Karani anaifungua kwa simu iliyopasuka kioo, na inafunguka hata mtandao ukisuasua, kwa sababu kurasa zake ni nyepesi.

Ofisi yangu iko ghorofani Mafiati, juu ya duka la vipuri. Wanafunzi wa vyuo hunijia. "Shikamoo mama, naomba kuchaji laptopu." Wanachaji, wanakaa, kisha maswali yanaanza. Wanatoka Tukuyu, Vwawa, Makambako, wengine Chunya. Akili wanazo kuliko nilizokuwa nazo mimi katika umri wao, na nasema hivyo bila kuwapamba. Binti mmoja wa Tukuyu alimwandikia mwenye kitalu cha parachichi programu nzuri sana: tarehe ya kubebesha kila mche, ni aina ya Hass au ya Fuerte, mteja gani amelipa nusu na anakuja lini kuchukua. Aliiandika kwa Elixir, lugha ya José Valim wa Brazili inayotumia injini ileile inayoendesha programu za Erlang. Alivutiwa na habari za WhatsApp, ambayo Facebook ilipoinunua mwaka 2014 ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32 tu, na seva zake zimeandikwa kwa Erlang. Kazi ya binti ilikuwa safi. Baadaye akapata nafasi Dar es Salaam, akapanda basi la alfajiri. Simlaumu hata kidogo. Hapa hakuwa na meza ya kukalia wala mwenzake wa kumuuliza.

Lakini mwenye kitalu alibaki na programu isiyo na fundi. Ilipohitaji kubadilishwa kitu kidogo kwenye risiti, nilimzungukia mji mzima kutafuta mtu anayeijua Elixir, sikumpata. Amerudi kwenye daftari. Sasa hebu fikirieni ni maduka mangapi ya dawa, SACCOS na shule za binafsi kati ya Mbalizi na Igawa zenye programu yatima kama hiyo, kila moja kwa lugha yake, kila moja ikimsubiri kijana aliyekwisha hama. Mji ukiwa na lugha moja inayojulikana na wengi, fundi mmoja akiondoka mwingine anaishika kazi.

Ndiyo maana ningeliomba Jiji la Mbeya lichague. Na mimi ningechagua PHP. Najua vijana wanaidharau. Wanasema imezeeka, wananionyesha maneno makali ambayo watu wakubwa wamewahi kuandika juu ya lugha za wenzao, kama Torvalds alivyoishambulia lugha ya C++ mwaka 2007. Huwa nawakumbusha kwamba Torvalds huyohuyo mwaka 2018 aliwaomba watu radhi kwa ukali wake, akajiweka pembeni kwa muda. Na kwamba mwaka 2022 Linux, baada ya miaka zaidi ya 30 ya C, ilipokea lugha nyingine, Rust, ndani yake. Watu wa Ruby wana msemo wao kwamba Matz ni mtu mwema, kwa hiyo nao wawe wema. Ningefurahi sana tabia hiyo ingeigwa ofisini kwangu, maana kuna siku ubishi wa lugha umefanya vijana wawili waliosoma darasa moja wasisalimiane.

Rasmus Lerdorf, aliyezaliwa Greenland, alianza PHP mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe, akaitoa kwa watu mwaka uliofuata. Leo Wikipedia inaendeshwa kwa PHP, na Facebook ilianzia humo mwaka 2004. Taylor Otwell wa Arkansas, ambako si kitovu cha kompyuta hata Marekani kwenyewe, alitoa Laravel, kiunzi cha kujengea tovuti kwa PHP, mwaka 2011, na vijana wengi ninaowajua Mbeya tayari wanapata nauli na kodi ya chumba kwa Laravel hiyohiyo. Gharama ya kuiweka tovuti ya PHP hewani ni ndogo, mwenye duka la Kabwe anaimudu. Kama wenzangu watanishinda kwa hoja na tukaishia Python, nitajifunza Python nikiwa na miaka hii. Ninachoogopa ni kubaki bila kuchagua.

Chumba chenyewe si jambo kubwa. Stesheni yetu ya TAZARA iko Iyunga, lakini chumba kikae karibu na Mwanjelwa, ambako daladala za kila upande zinafika na binti anaweza kurudi nyumbani saa moja usiku bila hofu. Kiwe na umeme wenye akiba, intaneti ya uhakika, meza na viti. Naelewa kwamba mifumo mikubwa ya mapato hutengenezwa na taasisi za Serikali kuu. Zipo kazi ndogondogo zisizo na mwenyewe: orodha ya vitabu vya maktaba za shule za kata, zamu za bajaji, foleni ya kliniki ya mama na mtoto. Vijana wa chumba hicho wapewe hizo, walipwe, kidogo kidogo. Vyuo vyetu vya hapa na vya Iringa vikubaliane kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaanza na lugha moja hiyo, ili wa Mbeya aweze kushika kazi ya mwenzake wa Iringa.

Nimepeleka barua ya maombi haya kwenye ofisi za Jiji pia. Nina meza nne na viti ninavyoweza kuvitoa mara chumba kikipatikana, na Jumamosi asubuhi nitakuja kufundisha bila malipo. Mafundi wenzangu mliopo Mbeya, Tukuyu, Vwawa na Iringa, mlio tayari kutoa siku moja kwa wiki, niandikieni kupitia gazeti hili.

Mama mwandika programu,
Mafiati, Mbeya