Mtoto wa simba si wa kupakatwa

Mhariri,

Limekuwa jambo la kawaida sasa, katika kurasa za picha za magazeti na zaidi katika simu za mkononi, kumwona mtu aliyempakata mtoto wa simba kama anavyopakatwa mtoto mchanga, au aliyelaza shavu lake juu ya shingo ya duma, huku maelezo yaliyo chini ya picha yakisifu urafiki kati ya binadamu na mnyama. Naomba nafasi katika safu yako nieleze kwa nini picha za namna hiyo zinatugusa kwa nguvu kiasi hicho, na kwa nini naamini kwamba mnyama anayependwa kwa njia hiyo ndiye anayeumia kuliko wote.

Hisia yenyewe ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria ambaye mwaka 1973 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, alieleza kwamba kuna umbo fulani ambalo mtu mzima akilitazama moyo wake hulainika: kichwa kikubwa kikilinganishwa na kiwiliwili, paji la uso pana lililotokeza mbele, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo usoni, mashavu ya mviringo, viungo vifupi na vinene. Hilo ndilo umbo la mtoto wa binadamu, kiumbe anayezaliwa dhaifu na ambaye hawezi kuishi asipobebwa, kulishwa na kulindwa kwa miaka mingi. Wazazi wa kale walioguswa na sura hiyo waliwatunza watoto wao wakakua, nasi ni uzao wao. Watafiti waliopima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama nyuso za watoto wachanga walieleza mwaka 2008 kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na kuonja raha, iliitika katika muda wa takriban moja ya saba ya sekunde, yaani kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri lolote. Msukumo wa haraka kiasi hicho hauna muda wa kuuliza mtoto aliye mbele yake ni wa nani. Mtoto wa simba, wa chui au wa dubu ana kichwa kikubwa, macho ya mviringo na miguu minene, basi moyo unaitika kana kwamba ni wa kwetu.

Hata hivyo kuna viumbe wengi wenye watoto wa kupendeza, na bado wala nyama wakubwa wanatuvutia hata wakiwa wazima, wakati ambapo umbo la utotoni limekwisha kuwatoka. Nadhani sababu kubwa ni mahali yalipokaa macho yao. Swala na pundamilia wana macho pembeni mwa kichwa, kwa kuwa haja yao kubwa ni kuona hatari kutoka pande zote. Paka wakubwa, yaani simba, chui na jamaa zao, wana macho yaliyoelekea mbele, kwa kuwa kabla ya kuruka ni lazima wapime umbali uliobaki kati yao na windo. Nasi binadamu tuna macho yaliyoelekea mbele, na tangu siku za kwanza za maisha yetu tunajifunza kusoma nyuso zilizopangwa hivyo. Simba anapotugeukia na kututazama kwa macho yote mawili kwa pamoja, tunahisi kwamba ametutambua, kwamba ametuelewa, pengine hata kwamba ana la kutuambia. Uso ulioumbwa kwa ajili ya kuwinda tunausoma kama uso wa msikilizaji.

Usingizi wao nao unatupotosha. Simba hupumzika hadi saa 20 kati ya saa 24, kwa sababu uwindaji wake ni wa kasi kubwa ya muda mfupi, na akishapata nyama anaweza kula kilo 30 au zaidi kwa mara moja, kisha akae siku kadhaa bila kuhitaji kuwinda tena. Mpiga picha anayemfuata atamkuta, mara nyingi sana, amelala chali miguu ikiwa juu, au anapiga miayo, au analamba manyoya ya mwenzake. Picha hizo ni za kweli, lakini zimechukuliwa katika zile saa 20, na mtazamaji aliye mbali hujenga tabia yote ya mnyama kutokana nazo. Wahenga waliosema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama walikuwa wamemtazama vizuri zaidi kuliko sisi, maana waliona kwamba utulivu ule ni sehemu ya uwindaji wenyewe. Michezo ya watoto wake iko hivyo hivyo. Wanapoviziana nyuma ya majani, wanapodandiana mgongoni na kung'atana shingo, wanajifunza kazi watakayoifanya maisha yao yote, na mtu anayejilaza chini ili mtoto wa simba amrukie anachukua nafasi ya windo katika mafunzo hayo.

Zaidi ya hayo, wengi wetu tulikutana na mnyama wa kushonwa kwa kitambaa kabla ya kukutana na habari za mnyama mwenyewe. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa kwenye mti katika jimbo la Mississippi, mchoraji wa katuni akalichora tukio hilo gazetini, na muda si muda dubu wa kuchezea waliopewa jina la rais huyo wakawa wanauzwa madukani. Mwaka 1985 mtafiti wa tabia za wanyama Robert Hinde na mwenzake walichapisha vipimo vya dubu wa kuchezea wa nyakati mbalimbali, na ikaonekana kwamba kadiri miaka ilivyopita paji la uso lilikuwa limepanuka na pua imefupika. Hakuna aliyekaa na kupanga hivyo. Wanunuzi walichagua wale waliofanana zaidi na mtoto mchanga, na watengenezaji wakafuata soko. Dubu wa msituni hakubadilika: pua yake bado ni ndefu, kucha zake bado zinachimba ardhi ngumu, na chonge zake bado ni za kurarulia nyama.

Wapo watakaonijibu kwamba mbwa naye alikuwa mbwa mwitu, na leo analala mlangoni kwetu. Ni kweli, lakini kazi hiyo ilichukua vizazi vingi mno katika muda wa zaidi ya miaka 14,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mbwa wana msuli wa kuinua sehemu ya ndani ya nyusi, ule unaowapa macho ya kusihi, ilhali kwa mbwa mwitu msuli huo haukuonekana kukomaa namna hiyo. Huko Siberia, kuanzia mwaka 1959, mwanasayansi Dmitri Belyaev na wenzake walichagua katika kila kizazi mbweha waliowaogopa watu kidogo kuliko wengine, wakawazalisha wao kwa wao, na baada ya vizazi kadhaa wakapata mbweha wanaotikisa mikia wakimwona mtu. Mabadiliko hayo yalipita katika damu ya ukoo mzima. Simba mmoja aliyenyonyeshwa kwa chupa amemzoea anayemlisha, na yawezekana kabisa akamsugulia kichwa kwa mapenzi kama simba wanavyosalimiana, lakini silika aliyozaliwa nayo haijaguswa na kitu, na ikiamshwa na mtoto anayekimbia au mtu mzima anayejikwaa na kuanguka, haitangoja kumbukumbu ya chupa.

Mwezi Oktoba 2003 ulitoa mifano miwili katika wiki moja. Huko Las Vegas, Roy Horn, aliyekuwa amefanya maonyesho na simbamarara kwa miongo mingi, aling'atwa shingoni jukwaani na simbamarara aliyeitwa Mantacore, ambaye alikuwa amepanda naye jukwaani mara nyingi kabla ya hapo. Alinusurika lakini akabaki na ulemavu, na hata baadaye aliendelea kumtetea mnyama huyo. Siku chache tu baadaye, huko Alaska, Timothy Treadwell, aliyekuwa amekaa miongoni mwa dubu kwa misimu 13 ya kiangazi akiwapa majina na kuzungumza nao, aliuawa pamoja na mwenzake, na askari wa hifadhi waliofika hapo wakawapiga risasi dubu wawili wakafa. Hawa walikuwa watu waliowajua wanyama hao kuliko sisi watazamaji wa picha. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja katika mji wa Guilin nchini China aliruka uzio wa bustani ya wanyama kwa sababu alitaka kumkumbatia panda, akang'atwa mikono na miguu. Sioni uovu wowote kwa panda yule. Kukumbatia ni njia yetu ya kumtuliza mtoto. Kwa dubu na kwa paka wakubwa, mwili unaobana mwili mara nyingi ni dalili ya mapigano.

Lakini Mhariri, hofu ya watu kung'atwa siyo iliyonifanya niandike. Kinachoniuma ni yale yanayompata mtoto wa mnyama ili picha ile ipatikane. Katika biashara ya kuwashikisha wageni watoto wa paka wakubwa, mtoto hutenganishwa na mama yake akiwa na umri wa siku au wiki chache tu, naye mama, akiwa hana tena wa kumnyonyesha, hurudi mapema kwenye kuzaa. Mtoto hupitishwa mikononi mwa wageni wakati wa saa ambazo mwili wake unadai usingizi. Na muda wenyewe wa kumtumia ni mfupi mno: nchini Marekani, kabla ya sheria kubadilishwa, mwongozo ulimruhusu mtoto wa simbamarara kushikwa na umma kati ya wiki ya 8 na ya 12 tu, kwa kuwa kabla ya hapo kinga ya mwili wake ni dhaifu na baada ya hapo meno na kucha zake zinaweza kumjeruhi mtu. Mnyama anayeweza kuishi miaka 15 na zaidi kifungoni anapendeza kwa biashara hiyo kwa wiki nne, kisha mahali pake panahitaji mtoto mwingine. Wale waliokua hawawezi kupelekwa porini, maana hawakufundishwa kuwinda na hawamwogopi binadamu. Nchini Afrika Kusini, ambako maelfu ya simba wamezalishwa kifungoni, wapo waliopitia mikono ya watalii wakiwa wachanga, wakatembezwa nao walipokua kidogo, na mwishoni wakaishia mbele ya bunduki ya mwindaji ndani ya uzio au katika biashara ya mifupa. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza nia ya kuikomesha biashara hiyo. Marekani ilipiga marufuku umma kuwagusa paka wakubwa kwa sheria iliyotiwa saini Desemba 2022.

Habari za duma ni za huzuni zaidi. Duma waliokomaa waliobaki porini duniani kote wanakadiriwa kuwa takriban 7,000, na bado watoto wao huibwa katika Pembe ya Afrika na kuvushwa bahari kwa siri hadi Rasi ya Uarabuni, ambako wapo watu wanaotamani kupigwa picha wakiwa na duma kando yao. Wengi hufa njiani kwa njaa na magonjwa. Falme za Kiarabu zilipitisha sheria mwaka 2016 kuzuia watu binafsi kuwafuga wanyama hao, lakini magendo hufuata mahitaji, na mahitaji huchochewa na picha.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Panda amekuwa nembo ya WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi wa wanyamapori, tangu mwaka 1961, na hakuna shaka kwamba sura yake imefungua mifuko ya watu ambao wasingechangia chochote kwa ajili ya mamba au tai. Sipingi wanyama kuonekana wanapendeza. Ninachopinga ni mtu kuwekwa ndani ya picha akiwa amewashika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu waliotazama picha ya sokwe akiwa na binadamu kando yake walielekea zaidi kuamini kwamba sokwe wako salama porini na kwamba wanafaa kufugwa, kuliko waliotazama sokwe yuleyule peke yake. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Franck Courchamp walieleza kwamba wanyama wanaopendwa zaidi na umma, miongoni mwao simbamarara, simba, chui, duma, panda, dubu mweupe na mbwa mwitu, wengi wako hatarini ilhali watu wengi hawalijui hilo, na wakataja wingi wa sura zao katika katuni, matangazo na vitu vya kuchezea kuwa moja ya sababu. Tunawaona kila siku, basi tunadhani wapo tele.

Kwa hiyo namwomba mhariri, na wahariri wengine wanaosoma safu hii, waache kuchapisha picha za watu waliowakumbatia au kuwapakata wanyama hawa, hata pale mpiga picha anapodai kwamba mnyama amezoea. Ikiwa picha ina habari ndani yake na ni lazima itoke, maelezo yaliyo chini yake yamwambie msomaji mama wa mtoto huyo yuko wapi, mtoto alitengwa naye akiwa na umri gani, na atapelekwa wapi atakapotimiza mwaka mmoja. Anayemiliki mnyama huyo ana majibu ya maswali hayo yote, na akikataa kuyatoa, hilo nalo liandikwe.

Wako,
Msomaji