Kibali cha kuhesabu popo Ngezi kimemshinda mwanangu

Assalamu alaykum Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu, maana hili jambo la kibali cha utafiti nimelisema barazani mpaka wenzangu wamenichoka, nikitokea tu wanasema huyo kaja na popo wake.

Mie nakaa huku Konde, Pemba, mkulima, na msimu wa karafuu nachuma kama watu wengine. Tangu miaka ya tisini kila akija mtafiti wa msitu wa Ngezi, jirani yetu hapa, mara nyingi hutafutwa mie kumtembeza kwa sababu njia za mle nazijua usiku na mchana. Nimebeba darubini za watu, nimeshika kamba za kupimia miti, nimekaa na wazungu usiku wa manane tunasikiliza bundi. Sasa mwanangu wa kike yuko chuo, mwaka wa mwisho, akaamua risechi yake ya kumalizia iwe kuhesabu popo. Mie nikafurahi, nikasema angalau safari hii naenda msituni na mtu ntakaemuelewa anachoandika.

Kwa msiojua, popo wa Pemba si vile vipopo vidogo vya darini. Huyu ni mkubwa, uso kama wa mbwa mdogo, manyoya rangi ya kutu, akikunjua mbawa ni kiasi ya mita moja na nusu, na hapatikani pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Jina lake la kitaalamu ni Pteropus voeltzkowi, kapewa jina la Mjerumani Alfred Voeltzkow, sie tuliokaa nae miaka yote hiyo na kumla hatumo. Na tulikuwa tukimla kweli, sisemi uongo, utotoni tukimpiga manati na wenye bunduki wakija kutoka mjini wakiangusha wengi. Mwisho wa miaka ya themanini wakakisiwa wamebaki elfu chache tu, ndo vijijini zikaanzishwa jumuiya za kuwalinda, watu wakaacha kuwapiga, na hesabu za baadae zikafika kiasi ya 20,000. Kwa hiyo kuwahesabu si mchezo wa kitoto, bila ya hesabu za mwanzo nani angejua kama wanakwisha?

Turudi kwenye kibali. Mtoto kaanza mwezi wa Januari. Kwanza kaingia mtandaoni akaona COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, akajaza huko, kapoteza wiki mbili ndo anaambiwa huko ni Bara, na hata huko Bara mtafiti wa wanyamapori ana TAWIRI pia, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na wenye hifadhi yao, Zanzibar ina utaratibu wake na msitu una sheria yake ya mwaka 1996. Sawa, kosa lake. Kaandika barua upya, barua ya chuo, proposali, picha za pasipoti, kopi ya kitambulisho, kapeleka ofisi moja hapa Pemba wakampokea vizuri wakamwambia hii lazima iende Unguja. Ikaenda. Baada ya mwezi akapiga simu, haijaonekana. Kapanda meli mwenyewe na bahasha nyengine mkononi, kafika, aliepaswa kusaini yuko semina, kalala kwa shangazi yake siku nne, siku ya tano kaambiwa proposali haina barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali hapa kijijini.

Kwenye fomu hakuna neno sheha. Nimeisoma mie kwa macho yangu, na ile fomu yenyewe ni ya Kiingereza nikamwita akanisomea tena.

Karudi Pemba. Kwa sheha ilikuwa dakika kumi, tumemkuta chini ya mkungu anaparua nazi, kafuta mikono, kaisoma barua yote mpaka mwisho tena kwa sauti, kauliza hao popo mtawakamata au mtawaangalia tu, tukamwambia kuwaangalia tu. Katoa muhuri mfukoni, wino umekauka, kaupulizia pumzi mara mbili kisha kaugandamiza kwa nguvu zake zote ukatoka nusu, nusu ya pili kaiandika kwa kalamu. Ndo ofisi pekee katika safari yote hiyo ilouliza suali la maana kuhusu popo.

Barua ikarudi Unguja na meli, na mie naandika haya masika yamepita na jibu hakuna. Proposali yake ilikuwa ahesabu kabla ya masika na baada ya masika, kwa sababu popo wanafuata matunda, leo wako hapa, miembe ikizaa kwengine wanahama, sasa nusu ya kwanza imeshapotea na haiwezi kurudishwa kwa barua yoyote. Msimamizi wake wa chuo kamshauri abadilishe mada afanye dodoso la watalii. Dodoso!

Wakati huohuo kijana mmoja wa kizungu kaja nae anataka kuingia msituni, karatasi zake zilitoka mapema kwa sababu ana mtu wake mjini anaemtembezea mafaili ofisi kwa ofisi. Simlaumu hata kidogo, ni kijana mzuri, analipa kwa dola na kanilipa na mie. Lakini mtu akikodi miguu ya mwenziwe kibali kinatoka, na mwenye miguu yake mwenyewe hatoki, hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

Watu wasinielewe vibaya wakadhani nataka kila mtu aingie tu. Kibali kiwepo na kiwe kikali. Msitu wenyewe si mkubwa, kiasi ya hekta 1,440, mna mipapindi, miti jamii ya minazi, isiyoota kwengine duniani, mna kima punju wachache walioletwa kutoka Unguja miaka ya sabini maana asili yao si huku, mna vitu ambavyo mtu akivitia kwenye mkoba na kwenda navyo hatuvioni tena. Popo ukiwaingilia kwa kelele mchana wamelala wanaruka wote, na mama mwenye mtoto kifuani anaweza kumdondosha. Wa kuwakamata na kutoa damu lazima aulizwe sana, ana glovu, kachanjwa, sampuli zinakwenda wapi. Lakini anaekaa nje ya msitu jioni na kidude cha kubonyeza mkononi akahesabu wanavyotoka, huyo nae apite mlango uleule wa mwenye sindano? Mie naona watenganishwe. Wa kuangalia tu amalizane na ofisi ya Pemba, ajibiwe ndani ya wiki mbili hata kama jibu ni hapana, na kila kinachotakiwa kiandikwe kwenye fomu kwa Kiswahili, pamoja na hiyo barua ya sheha.

Jengine, na hili ndo linaniuma zaidi. Nimetembeza watafiti miaka mingapi sijui, na karibu wote wakiondoka wananiambia ntakuletea. Hajaleta mtu, isipokuwa mmoja alonipostia picha yangu nimebeba ngazi. Najua kwenye kibali mnaandikwa kwamba mtafiti aache nakala ya ripoti ofisini, na wanaacha, imo kabatini, Kiingereza kitupu. Chukueni mfano wa msitu wa Jozani, Unguja. Wakulima wa kule walikuwa wakilalamika kima punju wanawamalizia minazi, wanakula vidaka na vitale, miaka ya tisini wakaja watafiti wakahesabu nazi kwa nazi na wakaona mavuno hayapungui kwa hilo, mnazi wenyewe kwa kawaida huangusha vidaka vingi, kima anapunguza tu. Ni habari kubwa sana hii kwa mwenye minazi! Mie nimeipata mwaka huu, kutoka kwa mwanangu, alipokuwa anatafuta vya kuandika kwenye proposali. Basi kibali kiwe na sharti moja zaidi: kurasa mbili za Kiswahili kwa sheha, na mtafiti asimame siku moja mbele ya watu skuli aseme kaona nini. Asiefanya, akirudi mara ya pili asipewe.

Nimeambiwa nisiandike haya mtoto asije akakomolewa. Ofisi sikuitaja na mtu sikumtaja, na hao watumishi wengine ni ndugu na jamaa zetu, naamini wengi wao hata hawajui faili limekaa meza gani.

Kwa sasa tumefanya hivi. Popo wakitoka Ngezi jioni kundi moja linapita juu ya nyumba yangu kwenda kwenye miembe ya jirani. Baada ya magharibi tunatoa viti uwani, yeye anaangalia upande wa mbingu wenye mwanga, mie nabonyeza akisema "hao", wakiwa wengi nabonyeza mara moja kwa kumi. Kibali hatuna na risechi sio, ni baba na mwanawe wamekaa uwani kwao. Juzi tulifika 214, mamake akatuita kula.

Mkulima na mtembezaji watafiti,
Konde, Pemba