Barua kwa mwanangu Zaituni kabla hajapanda boti ya kwenda Bugala

Kasenyi, Entebbe

Mwanangu Zaituni,

Ujumbe wako umefika na mama yako nimemsomea. Umesema baba wa rafiki yako ana boti ya kifahari pale Munyonyo, na mmealikwa watu wanane mwende kisiwa cha Bugala, huku Ziwa Victoria, mkaangalie mandhari kule juu kwenye mji wa Kalangala. Unaomba ruhusa. Nimekupa. Mama yako bado amenuna kidogo, lakini jana nilimkuta anakutafutia sweta, kwa hiyo ujue naye amekubali.

Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu tungeishia kwenye mambo ya jaketi la kuokolea na mvua. Nina jambo nataka ulijue kabla hujafika kule juu.

Ziwa hili nimelifanyia kazi miaka ishirini na miwili. Nilitoka Musoma nikaja huku Uganda kijana mdogo nikifuata dagaa, hawa ambao huku wanawaita mukene. Kalangala nimelala siku nisizoweza kuzihesabu, lakini chini, mwaloni, kwenye vibanda vya mabati, pembeni ya dagaa walioanikwa mchangani. Kule mlimani kwenye mji sikuwahi kupanda hata siku moja. Mvuvi akifika nchi kavu anataka chai, mafuta ya mashine na usingizi.

Nilipanda mara ya kwanza ulipokuwa sekondari. Tajiri mmoja alikosa nahodha anayeijua njia, akaniita nimpelekee wageni wake kwa boti yake. Ndiyo safari niliyorudi nayo na ile blanketi unayoipenda.

Tulipofika katikati, nilikuwa naangalia kioo cha kuonyesha njia pale kwenye usukani. Namba za kaskazini zikawa zinapungua, zinapungua, mpaka zikafika sifuri, halafu zikaanza kupanda tena, safari hii upande wa kusini. Ilikuwa Ikweta. Entebbe iko kaskazini yake, Kalangala iko kusini yake, na pale majini hakuna bango wala boya la kukuambia. Miaka yote ile nilikuwa naivuka gizani, kichwa kimeinama juu ya nyavu, bila kujua. Mwambie nahodha wenu akuonyeshe.

Feri ya serikali kutoka Nakiwogo, hapa Entebbe, inachukua saa tatu na nusu hivi. Nyinyi mtawahi. Mtatia nanga ghuba ya Lutoboka, kisha mtapanda barabara ya udongo mwekundu mpaka mjini, maana mji wenyewe umekaa juu ya mgongo wa kisiwa. Usiingie majini pale ufukweni hata kama mchanga unapendeza, kichocho kipo.

Juu pale utaliona ziwa limetandazwa. Visiwa vya Ssese, Bugala ikiwa kimojawapo, ni 84, hutaviona vyote, lakini vitakavyoonekana vitatosha kukunyamazisha. Mimi nilivitambua kimoja kimoja kama mtu anayetazama nyumba za mtaani kwake. Mkondo niliokuwa nahangaika nao nusu usiku, mvua inanipiga usoni, ukiwa pale juu unaufunika kwa kiganja. Nilijaribu. Nilinyoosha mkono nikaufunika.

Ukigeuka upande wa nchi kavu, tazama vizuri. Mwaka 1909 Waingereza waliwahamisha watu wa Ssese kwa ajili ya malale, ugonjwa wa mbung'o, na visiwa vikakaa miaka bila wenyewe. Msitu ukajiotea. Siku hizi utaona sehemu kubwa ni michikichi iliyopangwa kwa mistari, maelfu ya hekta, ilianza kupandwa miaka ya 2000. Imeleta barabara na pesa, siwezi kukataa. Lakini mimi ule msitu niliuzoea ukishuka mpaka majini, na ninaona uchungu ulivyopungua.

Sasa jambo lenyewe. Wale wageni walipiga picha, wakashuka kwenda kula. Mimi nilibaki. Jua likazama, na taa za dagaa zikaanza kuwaka ziwani, moja huku, mbili kule, mpaka zikajaa. Kila taa ina mashua chini yake na watu ndani. Nilikaa nikazihesabu, nikafika sitini na kitu nikapotea. Mwanangu, mimi nilikuwa mojawapo ya zile taa. Mama yako alikuwa anasimama hapa Kasenyi na wewe mgongoni, anaziangalia zikiwa mbali, hajui ipi ni yangu. Sikuwahi kufahamu alikuwa anaangalia kitu gani mpaka siku ile. Niliporudi nyumbani nilimwambia, akalia.

Kwa hiyo msishuke mapema. Subirini giza liingie, na usiku huo mlale huko huko. Msirudi na boti usiku kwa sababu yoyote ile. Dhoruba za ziwa hili nyingi huja usiku na alfajiri.

Na jaketi lifungwe mwilini kabla boti haijaachia gati, mkanda wa kupita kati ya miguu pia, ule ambao watu wanauacha unaning'inia. Usipofungwa, ukianguka jaketi linapanda shingoni na wewe unabaki chini. Rafiki yangu niliyemzika alikuwa na jaketi. Lilikuwemo botini, limelaliwa na magunia ya dagaa. Boti nzuri si kinga: tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama ziwani humu, wilaya ya Mukono, karibu na ufukwe wa Mutima, imebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 30 walikufa. Mkiwa wanane pandeni wanane. Wakiongezeka njiani, shuka, uniite, nitakuja kukuchukua. Na picha zisiwapeleke wote upande mmoja wa boti.

Nimeangalia kalenda. Jumamosi yenu ni giza, mwezi hautakuwepo, na dagaa huvuliwa giza. Taa zitakuwa nyingi. Mjomba wako atakuwa huko na mashua yake upande wa kisiwa cha Bubembe. Nimemwambia saa mbili usiku azime taa yake mara tatu na kuiwasha. Sijui kama kwa umbali ule utaitambua, lakini angalia upande huo.

Sweta nitampa dereva wa basi la Ijumaa. Ukifika Lutoboka piga simu, kwanza kwa mama yako.

Baba yako