Kabla ya kuteua makamishna, tuambiwe ripoti itakwenda kwa nani

Kwa Mhariri,

Kila ghasia zinapozuka nchini Kenya na watu kufa, mjadala wetu kuhusu tume ya uchunguzi huanzia kwenye majina: nani atakuwa mwenyekiti, ni jaji mstaafu au ni wakili, anatoka upande gani wa nchi. Tangu maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yafike hadi ndani ya majengo ya Bunge tarehe 25 Juni 2024, wito wa kuundwa kwa tume ya namna hiyo umesikika mara nyingi, nami nauunga mkono. Ombi langu ni kwamba safari hii tuanze na swali ambalo kwa kawaida huulizwa wakati makamishna wameshafunga mafaili yao: ripoti itakabidhiwa nani, na je, huyo atakayekabidhiwa ana uwezo wa kuifungia kabatini?

Chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 102, Rais ndiye huunda tume, ndiye huiwekea hadidu za rejea na ndiye hupokea ripoti yake. Utaratibu huo unaweza kuvumilika pale jambo linalochunguzwa linapokuwa mbali na serikali, lakini katika uchunguzi wa ghasia, ambamo mienendo ya polisi yenyewe huwa inahojiwa, anayeamua lini wananchi wasome matokeo ni mkuu wa serikali ile ile inayotakiwa kujibu.

Wala si hofu ya kubuni. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila yaliyokuwa yamelikumba taifa tangu 1991, yakiwemo yale ya Likoni ya mwaka 1997. Ripoti ilikabidhiwa Rais mwaka 1999, na umma haukuiona hadi 2002. Miaka mitatu inaweza kuonekana michache kwa mtu anayeandika historia. Kwa shahidi aliyesimama mbele ya makamishna akamtaja jirani yake, ni miaka mitatu ya kupishana naye njiani bila kujua kama ushahidi wake uliaminiwa au ulitupwa.

Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilielekea kulijua hilo. Ripoti yake ilitoka hadharani Oktoba 2008, na orodha ya watu walioshukiwa kubeba dhamana kubwa zaidi haikuchapishwa wala kuachiwa serikali, bali ilitiwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa Kofi Annan. Sharti lilikuwa wazi: mahakama maalum ikikosa kuundwa nchini, bahasha itakwenda kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Februari 2009 wabunge waliukataa mswada wa mahakama hiyo, na Julai bahasha ikaenda. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi wa busara zaidi uliowahi kufanywa na tume yoyote ya uchunguzi nchini mwetu.

Najua nitajibiwa kwamba kesi zilizofuata huko The Hague hazikufika popote, kwa kuwa ya mwisho ilisitishwa Aprili 2016 bila yeyote kuhukumiwa. Ni kweli, na ni aibu. Hata hivyo, tume si mahakama, na kazi yake haipimwi kwa idadi ya wafungwa. Kwa sababu ripoti ile ilichapishwa, hakuna anayeweza leo kusimama jukwaani akakana kwamba watu 1,133 walikufa, wala kwamba 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Pendekezo lake la kuwapo kwa chombo huru cha kuwachunguza polisi nalo lilipata sheria mwaka 2011, na bila hilo, mamlaka hiyo ya IPOA tunayoilalamikia kila siku kwa uzembe isingekuwapo hata ya kulalamikiwa.

Kuchapisha peke yake hakutoshi, maana ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilisomwa na yeyote aliyeitaka, kisha utekelezaji wake ukakwama Bungeni. Ndiyo maana napendekeza kwamba tangazo la kuunda tume katika gazeti rasmi la serikali litaje siku ambayo ripoti itatolewa kwa Rais, kwa Bunge na kwa umma kwa pamoja, na litaje pia muda ambao kila idara iliyopewa pendekezo itaeleza kwa maandishi imefanya nini. Hadidu za rejea zisiishie kwenye neno hilo pana la "chanzo cha ghasia", ambalo huwapa makamishna kurasa nyingi za kuandika kuhusu umaskini na ukosefu wa ajira. Ziulize waziwazi nani alitoa amri ya kutumia risasi, kwa njia gani, na kumbukumbu za amri hiyo ziko wapi.

Haya yote yanaweza kuwekwa ndani ya Sura ya 102 kwa mswada mfupi wa marekebisho. Nawaomba wabunge waufikishe mezani kabla jina la kamishna wa kwanza halijatangazwa.

Wako,
Msomaji