Igizo likifa ugenini, msimlaumu aliyekosa kukata tiketi

Mhariri,

Mara ya mwisho niliwaandikia kuhusu wino wa gazeti lenu unaobaki vidoleni, hamkuichapa barua yangu, nami nikanyamaza miaka kumi na mmoja. Ningeendelea kunyamaza kama si ile taarifa ya Jumapili iliyopita, ya kikundi cha Nairobi kilicholeta kichekesho chake Dar es Salaam kikaishia kuchezea viti vitupu. Mwandishi wenu kaamua kwamba Watanzania "hawana utamaduni wa kutazama maigizo". Kesi imekwisha, mshtakiwa ni aliyebaki nyumbani kwake.

Nimesimamia jukwaa miaka ishirini na saba hapa Tanga. Mwaka 1993 kikundi chetu kilipata muswada wa kichekesho cha Kiingereza, Run for Your Wife cha Ray Cooney. Dereva wa teksi ana wake wawili, mmoja Wimbledon na mwingine Streatham, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Kilianza London mwaka 1983 kikachezwa miaka na miaka. New York, mwaka 1989, hakikumaliza hata miezi miwili. Hilo la New York hatukulijua. Tulichosikia ni kwamba Waingereza wanavunjika mbavu, basi tukakitafsiri neno kwa neno, John Smith tukamwacha John Smith, tukachapa tiketi. Ukumbi ulijaa. Dakika ya ishirini hivi, dereva anahaha jukwaani, mke mmoja yuko jikoni, wa pili yuko kwenye simu, jasho linamtiririka kweli maana feni zilikuwa mbovu, mara bibi mmoja wa safu ya tatu, kajitanda kanga, akamuuliza kwa sauti ya mtu aliye barazani kwake: "Mwanangu, si uwagawie zamu?" Ukumbi ukalipuka. Kilikuwa kicheko pekee cha usiku ule na wala hakikuwa chetu. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika muswada, nikamwona mchezaji wetu anafungua mdomo na kuufunga kama changu aliyetolewa majini, na bado alikuwa na saa nzima ya kujificha kwa ajili ya kosa ambalo hapa si kosa. Kule kwao kuoa wa pili ni kesi ya polisi. Kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu. Tuliwaletea watu hofu isiyo yao, kisha tukasubiri wacheke.

Mzee aliyekuwa akituongoza, Mungu amrehemu, hakusema Tanga haina utamaduni. Alisimamisha maonyesho, akaturudisha mazoezini wiki tatu. John Smith akawa Juma. Teksi ikawa ya baba mkwe, aliyemwachia kwa sharti kwamba bintiye asiletewe mwenza, na mke wa pili akaolewa kimyakimya Muheza. Sasa Juma alikuwa na cha kupoteza, na kila aliyeketi pale alimjua baba mkwe wa namna ile. Tulicheza miezi minne.

Tukajiona tumehitimu. Mwaka uliofuata tukavuka Horohoro kwenda Mombasa, lugha ile ile, bahari ile ile, na pale penye kicheko kikubwa kuliko vyote pakawa kimya. Juma anaruka dirisha kumkimbia mkwe kwa deni la tairi, shilingi elfu tano. Tanga watu walicheka kwa sababu fedha yenyewe ndogo. Lakini shilingi ya Kenya siku hizo ilikuwa nzito mara kadhaa kuliko yetu, na kwa aliyekaa pale Mombasa elfu tano ni mshahara wa mtu. Walimhurumia! Kesho yake tukasema mia tano, wakacheka. Sifuri moja tu, mhariri.

Wakubwa wa kazi hii nao yamewakuta. Les Misérables, igizo la nyimbo lililotokana na riwaya ya Victor Hugo, ilianzia Paris mwaka 1980, ikachezwa kama miezi mitatu. Mfaransa alikuwa amekijua kisa tangu shuleni. Walipoipeleka London mwaka 1985 waliongeza mwanzo mzima, mhusika mkuu Valjean anatoka kifungoni na anakutana na askofu, ili mgeni asipotee njia, na London wakaipenda hadi leo. Iliporudi Paris mwaka 1991 haikutimiza mwaka. Je, tuseme Wafaransa hawana utamaduni wa maigizo? Au chukueni Ipi Tombi, igizo la nyimbo na ngoma la Afrika Kusini: London waliipenda kuanzia mwaka 1975, New York mwaka 1977 ikafa baada ya maonyesho 39, waandamanaji wakiwa mlangoni. Ngoma zilikuwa zile zile. Ila katikati palipita Juni 1976, watoto wa Soweto walipopigwa risasi, na mtu hakuweza tena kutazama Afrika Kusini inayocheza na kutabasamu bila kuuliza wale watoto wako wapi. Sarafina! ya Mbongeni Ngema, igizo la wanafunzi wa Soweto, ililijibu swali hilo hilo, ikafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1988 ikachezwa karibu mara 600.

Na kama mwandishi wenu anaamini Mkenya na Mtanzania hawachanganyiki jukwaani, mkumbusheni Wanawake wa Heri wa Winsa. Mwaka 2012 kikundi cha Nairobi kiliipeleka Shakespeare kwa Kiswahili pale ukumbi wa Globe, London, na aliyecheza Falstaff, mhusika mkuu, alikuwa Mrisho Mpoto wetu.

Lakini kilichonitoa pangoni hasa ni mstari mmoja katikati ya taarifa yenu, ambao hata aliyeuandika hakuutilia maanani: onyesho lilitangazwa saa kumi na mbili jioni, likaanza saa tatu kasoro "baada ya mgeni rasmi kuwasili". Mgeni rasmi! Nimekaa na wachezaji waliopakwa poda mpaka ikaanza kupasuka usoni, tunamsubiri mheshimiwa ambaye atasoma hotuba ya kurasa tisa kuhusu sanaa kuwa ajira, apigwe picha na shada, aondoke kabla pazia halijafunguka, na msafara wake wote umfuate, safu mbili za mbele zibaki tupu kama meno yaliyong'oka. Wa safu za nyuma ambao walinunua tiketi kwa fedha yao wamekwishaanza kuhesabu daladala za mwisho za kwenda Mbagala. Kisha anakuja kijana na kalamu kuandika kwamba wananchi hawana utamaduni. Wananchi wana watoto wa kuwahi shule asubuhi.

Pendekezo langu ni hili. Kikundi chochote kitakachovusha igizo mpaka, kabla ya kuuza tiketi hata moja, kicheze Jumatano saa tisa alasiri mbele ya wauza samaki kumi na wawili wa soko la Mgandini, bure, na mmoja wao, mtu mzima, akae safu ya tatu na ruhusa ya kuuliza chochote. Akiuliza swali lisilojibika, rudini mazoezini. Mgeni rasmi asialikwe. Mwandishi wenu aalikwe, ila akae hadi mwisho. Yule bibi wetu alishafariki, lakini Mgandini hawakosekani wa aina yake, na nauli zao za kwenda na kurudi nitalipa mimi.

Msimamizi wa jukwaa mstaafu,
Tanga