CA-125 siyo ya kupimia kila mtu, wapeni wagonjwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Siku hizi kuna maabara mtaani zinatangaza kucheki kansa ya ovari kwa damu tu, dada zetu wanalipa wanapewa karatasi, CA-125 (protini ya kwenye damu inayopimwa) ikiwa juu ya 35 basi usiku hawalali. Jamani hiyo namba peke yake haitoshi! Hiyo protini inapanda hata ukiwa kwenye hedhi, ukiwa na mimba changa, faibroidi, hata TB ya tumboni, na TB huku kwetu tunayo. Halafu kansa ikiwa bado changa karibu nusu ya wagonjwa kipimo kinasoma kawaida. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 miaka na miaka, majibu ya 2021 yakaonyesha kupima wasio na dalili hakukupunguza vifo.

Inaposaidia kweli ni kwa aliyeshaanza tiba. Mama yangu mdogo yuko kwenye kemo, daktari kamchorea mstari kwenye daftari, kila dripu namba inashuka, na ile kasi ya kushuka siku 100 za mwanzo ndo inaonyesha kama dawa inaishika kansa au la. Sasa mstari utauchoraje kama kila mwezi unaambiwa vitendanishi (kemikali za kupimia) vimeisha, kapime nje kwa hela yako? Naomba wizara ihakikishe vitendanishi vya CA-125 na HE4 (protini nyingine ya kupima kansa hii) havikosekani kwenye hospitali zinazotoa kemo. Na dada ambaye tumbo linajaa wiki hadi wiki na anashiba haraka, aende hospitali apigwe ultrasaundi.