Zimbabwe: shamba walipewa, haki ya shamba bado

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa kilimo wiki iliyopita ilifungwa kwa kauli ambayo nimeisoma mahali pengi: kwamba Zimbabwe iligawa mashamba ikavuna njaa. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nimefanya kazi kwenye wilaya za tumbaku hapa Tabora, na kwa watu wa tumbaku Zimbabwe si habari ya mbali. Soko la Harare likitikisika, huku tunasikia. Naomba nafasi nieleze kwa nini kauli ile ni nusu tu ya habari.

Mwandishi wenu alianzia mwaka 2000, kana kwamba siku hiyo watu waliamka wakaamua kuvamia mashamba ya wazungu. Sheria ya mgawanyo wa ardhi ya mwaka 1930 iliwapa walowezi takriban nusu ya nchi, wakati wazungu wote wa Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa enzi za ukoloni, hawakufika hata laki moja. Waafrika walisukumiwa kwenye maeneo ya akiba, mengi yakiwa na udongo wa kichanga na mvua za kubahatisha. Vita vya ukombozi vilipiganwa kwa ajili ya ardhi hiyo, na baadhi ya wapiganaji wake walifundishwa hapa kwetu, Mgagao, mkoani Iringa. Halafu mkataba wa Lancaster House wa Desemba 1979, uliosainiwa London kumaliza vita hivyo, ukafunga mikono ya serikali mpya kwa miaka kumi: ardhi inunuliwe tu kwa mwenye kutaka kuuza. Lengo la kuhamishia familia 162,000 kwenye mashamba mapya halikufikiwa. Hadi miaka ya 1990 zilizopata ni kama 70,000. Uingereza ilitoa takriban pauni milioni 44, kisha Novemba 1997 waziri wake, Clare Short, akaandika kwamba serikali yake haioni kuwa ina wajibu wa pekee wa kugharamia ununuzi wa ardhi Zimbabwe. Barua ile ilimsaidia sana Rais Mugabe wa Zimbabwe, kwani kuanzia hapo alikuwa na mtu wa kumlaumu.

Sisemi haya kutetea yaliyofuata. Februari 2000 wananchi waliikataa rasimu ya katiba ya serikali, na ndani ya majuma machache uvamizi ukaanza. Watu walipigwa, wengine wakauawa, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Anayesema yale yalikuwa mageuzi ya ardhi peke yake, bila siasa ya kubaki madarakani, hasemi kweli.

Ila waathirika ambao magazeti huwasahau si wale wakulima wa kizungu takriban 4,500, ambao angalau picha zao zilizunguka dunia nzima. Ni vibarua wa mashamba, watu zaidi ya laki tatu, bila kuhesabu familia zao. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliotoka Malawi, Msumbiji na Zambia kutafuta kazi, wakazaliwa shambani na kuzikana shambani. Tajiri alipoondoka, nao walipoteza kazi na nyumba kwa pamoja, maana nyumba ilikuwa ya tajiri. Walipoomba viwanja vya ardhi iliyogawiwa, wengi waliambiwa kwao si hapa. Marekebisho ya sheria ya uraia ya mwaka 2001 yaliwataka waukane uraia wa nchi za wazazi wao, nchi ambazo baadhi yao hawakuwahi kuzikanyaga, la sivyo wapoteze ule wa Zimbabwe. Hao ndio waliojua kupanda, kuvuna na kukausha tumbaku ya mvuke kuliko mtu yeyote, na ndio waliopata ardhi kidogo kuliko wote.

Sasa nije kwenye tumbaku, kwa sababu ndiko makala yenu ilikoteleza zaidi. Mwaka 2000 Zimbabwe ilivuna takriban kilo milioni 237. Mwaka 2008 zilishuka hadi karibu milioni 48. Hapo mwandishi wenu aliweka kalamu chini. Angeendelea kidogo angekuta kilo milioni 296 mwaka 2023, kisha ukame ukazishusha mwaka 2024, kisha zaidi ya milioni 350 mwaka 2025, kiwango ambacho walowezi hawakukifikia hata siku moja. Na waliolima si wale wale. Kabla ya mageuzi wakulima wa tumbaku waliosajiliwa hawakufika 10,000. Sasa ni zaidi ya 100,000, wengi wao wenye hekta chache.

Je, ni ushindi? Nusu nusu. Aliyerudisha tumbaku ni mkataba. Utaratibu huo ulianza mwaka 2004, benki zilipokuwa zimewakimbia wakulima wapya. Kampuni inamletea mkulima mbegu, mbolea na dawa. Msimu wa soko analeta marobota yake kwa kampuni hiyo hiyo, inamnunulia kampuni hiyo hiyo, na deni linakatwa kabla hajashika senti. Wakulima wa Urambo na Sikonge hawahitaji kufafanuliwa. Nimesimama nao mara nyingi pembeni ya marobota wakati mteuzi anapita: anachomoa majani machache, anayageuza kwenye mwanga, anataja daraja, anasonga mbele. Kazi ya miezi tisa inapewa bei kwa sekunde kadhaa. Mkulima wa Mashonaland, huko Zimbabwe, yuko kwenye foleni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yeye sehemu ya malipo hupewa kwa dola na sehemu kwa fedha ya nchi, ambayo kwa miaka mingi thamani yake iliyeyuka akiwa njiani kurudi nyumbani. Na kwa kuwa wanunuzi wengi hukopa nje ili kugharamia pembejeo, dola nyingi za tumbaku hurudi huko huko zilikotoka.

Misitu nayo inalipa. Wakulima wakubwa wengi walikaushia kwa makaa ya mawe. Mwenye bani, yaani banda la kukaushia, la matofali alilojijengea mwenyewe anatumia kuni, na miombo haioti upya kwa kasi ya moto wake. Hilo nalo tunalijua Tabora.

Kuhusu mahindi nitasema machache. Msimu mbaya wa 2024, uliotangazwa kuwa janga la taifa, ulikuwa wa ukame wa El Niño, na Zambia na Malawi ambazo hazikumfukuza mlowezi yeyote ziliungua pia. Mwaka 2021, mvua ilipokuwa nzuri, Zimbabwe ilivuna takriban tani milioni 2.7. Mpango wa Pfumvudza wa kuchimba mashimo kwa jembe la mkono, kuweka samadi na kufunika udongo kwa mabua umesaidia wenye vishamba vidogo, ingawa ni kazi ya kuvunja mgongo na kina mama ndio wanaoifanya zaidi.

Swali ambalo makala haikuligusa ni karatasi. Aliyepewa ardhi aliipewa kwa karatasi gani, na anaweza kunyang'anywa na nani? Kulikuwa na mafungu mawili: A1, familia takriban 145,000 za mashamba madogo, na A2, zaidi ya 20,000 wa mashamba ya kibiashara. Wote waliingia kwa barua ya serikali. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, ardhi ikawa ya serikali, na mlango wa mahakama kupinga utaifishaji ukafungwa. Baadaye A2 wakaanza kupewa mikataba ya miaka 99, ambayo benki ziliitazama na kuirudisha. Barua inaweza kufutwa. Mwaka 2015 huko Manzou, wilaya ya Mazowe, polisi walibomoa nyumba za familia zilizokuwa zimekaa pale miaka mingi, amri ya Mahakama Kuu ikiwapo. Watu wale wale ambao mageuzi yalidaiwa kufanywa kwa ajili yao.

Desemba 2024 Rais Mnangagwa alizindua mpango wa kutoa hati miliki kwa waliopewa mashamba, na hati hizo zilikuwa za kulipiwa. Wengi wamepiga makofi. Mimi nina wasiwasi, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Hati inayouzwa humfikia kwanza mwenye fedha, na wenye A2 ni pamoja na majenerali, mawaziri na wafanyabiashara. Tume ya Utete ya mwaka 2003, iliyoundwa na rais kukagua mgawanyo wa ardhi, ilikuta wanawake ni asilimia 18 tu ya waliopata A1 na asilimia 12 ya A2. Ukiweka wino wa kudumu juu ya mgawanyo huo, umeudumisha jinsi ulivyo, pamoja na dhuluma zake. Ningeanza na mjane wa A1 na kibarua aliyeachwa, niwape karatasi ambayo mkuu wa wilaya hawezi kuichana, halafu ndipo nishughulike na mwenye hekta mia tano. Nahofia wenzetu wataanza na huyo wa mwisho.

Hapa nyumbani tuna sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 na hati ya kimila ambayo mwanakijiji anaweza kuipata bila kununua ardhi yake upya. Upimaji unasuasua, na benki nazo husitasita mbele ya hati hiyo. Lakini mwelekeo wake ni wa kuanzia chini, na sipendi kusikia watu wakipendekeza tuubadilishe kwa kutaja Zimbabwe kama kitisho.

Ombi langu ni moja. Masoko ya tumbaku Zimbabwe hufunguliwa mwezi Machi. Mtumeni mwandishi, asiishie Harare. Afike Marondera na Mazowe, aombe kuonyeshwa karatasi za shamba, aulize deni la mbolea ni kiasi gani, na aulize waliokuwa vibarua wanaishi wapi sasa.

Bwana shamba mstaafu,
Urambo, Tabora